Mzee Ndani ya Beseni: Namna ya Kusoma Sanamu Moja ya Seneca

Waseminari wa hapa Sange wanaporudi kwa wazazi wao wakati wa vakansi, ninawakusanya mara mbili kwa juma, Kilatini chao kisije kikakauka kama mpunga uliokosa maji. Safari hii tulisoma kitabu cha 15 cha Annales za Tacitus, pale anapoeleza kifo cha Seneca. Na kwa kuwa joto la bonde la Ruzizi saa nane mchana linalaza hata wenye bidii, niliwaletea kopi ya sanamu ya zamani, ili macho yafanye kazi masikio yakichoka.

Tazameni sanamu hiyo pamoja nami, wasomaji wapenzi. Mzee mmoja, peke yake, amesimama ndani ya beseni. Hana nguo, ila kitambaa kiunoni. Magoti yake yamekunjwa kidogo, mgongo umeinama mbele. Mbavu zinahesabika, mishipa inaonekana kama mizizi ya mti kando ya mto, ngozi ya tumbo imelegea. Lakini uso umeinuka, kinywa ki nusu wazi, macho yanatafuta kitu kilicho juu.

Mwanafunzi wa kwanza aliuliza: «Padri, huyu ni mtakatifu gani?» Wa pili, ambaye alikuwa amekwisha kusoma somo, alimjibu: «Si mtakatifu. Ni mpagani aliyejiua kwa amri ya Nero. Sababu gani wamemchora kama mfiadini?» Wa tatu alinyamaza muda mrefu, halafu akasema: «Mimi nimeona watu wakifa. Mtu hafi hivi.»

Huyu wa tatu alikuwa mtoto mdogo usiku wa tarehe 2 Julai 2010. Wengi wenu mnakumbuka: gari la kubeba mafuta lilianguka hapa Sange, mafuta yakamwagika barabarani, watu wakakaribia, moto ukawaka ukafika mpaka nyumba ambamo wengine walikuwa wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Walikufa watu zaidi ya 200, wakazikwa katika makaburi ya pamoja. Mtoto aliyeona hayo hawezi kudanganywa na sanamu. Basi niliona kwamba somo la Kilatini limegeuka kuwa somo lingine, na ndilo ninalotaka kuwaandikia hapa.

Kwanza tuseme sanamu hii imetoka wapi. Ilipigwa chapa katika mji wa Antwerpen, Ubelgiji, mwaka 1615, katika buku kubwa la maandiko yote ya Seneca, kwa nyumba ya wapiga chapa iliyoanzishwa na Plantin na kushikwa baada yake na ukoo wa Moretus. Aliyetengeneza buku ni Justus Lipsius, mwalimu wa Leuven. Alilitoa mara ya kwanza mwaka 1605, akafa mwaka 1606. Hili la 1615 ni chapa ya pili. Aliyechora ni Petro Paulo Rubens, mchoraji mkubwa wa Antwerpen aliyezaliwa mwaka 1577 na kufa mwaka 1640. Na aliyechonga mchoro wake katika shaba ni Cornelis Galle.

Neno «kuchonga» lataka kuelezwa, maana bila hilo hatuelewi tunachokiona. Mchongaji huchukua bamba la shaba nyekundu, kama ile ya Katanga, lililosuguliwa mpaka linang'aa. Kwa chombo kidogo cha chuma chenye ncha kali anakata mistari ndani ya shaba. Halafu anapaka wino, anapangusa bamba, wino unabaki ndani ya mikato tu. Karatasi yenye unyevu inawekwa juu, vinapitishwa kwa nguvu katika mashine, na karatasi inanyonya wino. Ndiyo kusema, mchongaji hana rangi. Hana hata kijivu. Ana mstari mweusi na karatasi nyeupe, basi. Akitaka kivuli anasongeza mistari karibu karibu na kuipitisha moja juu ya nyingine; akitaka mwanga anaacha karatasi ilivyo. Lishikeni neno hili la karatasi nyeupe, tutalirudia.

Sasa Tacitus. Mwaka 65 baada ya Kristo watu walifanya shauri la kumwua Nero, wakagunduliwa. Seneca alikuwa mwalimu wa Nero tangu utoto wake, baadaye mshauri wake. Wakati ule alikuwa mzee aliyejitenga na jumba la mfalme. Hata hivyo alitajwa, na Nero akamtuma askari mkubwa kumwambia afe. Seneca anaomba karatasi za urithi, anakatazwa. Anawatuliza rafiki wanaolia. Mkewe, Pompeia Paulina, anataka kufa pamoja naye. Wanakata mishipa ya mikono kwa mara moja. Damu ya mzee inatoka polepole, kwa kuwa mwili wake umekonda kwa chakula haba. Anakata na mishipa ya miguu. Maumivu yanazidi, anamwomba mkewe aende chumba kingine, wasivunjane moyo. Anawaita waandishi, anawaandikisha maneno. Kifo hakiji. Anamwomba rafiki yake mganga sumu iliyowekwa tayari tangu zamani, ile waliyopewa wahukumiwa wa Atene. Anakunywa, haifanyi kazi. Anaingia katika maji ya moto, ananyunyiza watumwa waliosimama karibu, akisema maji hayo ni sadaka kwa Yupiteri Mkombozi. Mwisho anachukuliwa kwenye chumba cha mvuke, na humo anakosa pumzi.

Linganisheni maandiko na sanamu. Katika maandiko nyumba imejaa: rafiki, watumwa, waandishi, mganga, askari, mke. Kifo ni kirefu, kinachukiza, karibu kinachekesha kwa namna kinavyokataa kuja. Katika sanamu ya buku yuko mmoja tu, na dakika moja tu. Rubens alichora pia kwa rangi kifo hicho hicho, yapata mwaka 1612 au 1613, na sanamu hiyo iko Munich, Ujerumani. Pale amewaweka askari nyuma, mganga anayefungua mshipa wa mkono, na kijana aliyepiga goti akiandika maneno ya mwisho. Juu ya karatasi yake zinasomeka herufi za kwanza za neno la Kilatini la fadhila. Lakini Paulina hayumo kabisa, si Munich, si katika buku. Nero alikataza afe, watu wa nyumbani wakafunga mikono yake, akaishi miaka michache tena, na Tacitus anasema uso na mwili wake vilibaki vyeupe kama vya mtu aliyepoteza uhai mwingi. Mimi, niliyeketi na wajane wengi wa barabara hii ya Uvira, ninahesabu kutokuwako kwake kama kasoro ya mchoraji. Rubens hakutaka machozi. Alitaka mtu asiyetikisika.

Na sababu ya kutaka hivyo ni vita. Nchi zile za Flandria na Holandi zilikuwa katika vita tangu mwaka 1568, na askari wa Hispania waliounguza na kunyang'anya Antwerpen mwaka 1576 waliacha maelfu ya maiti. Lipsius aliandika mwaka 1584 kitabu juu ya uthabiti wa moyo wakati wa taabu za watu wote, kwa mfano wa maongezi kati ya mtu anayekimbia vita na rafiki yake mzee. Fikra zake ni za Wastoa, yaani shule ile ya Seneca: usiyoweza kuyageuza yasiitawale roho yako. Alitaka kuonyesha kwamba fikra hizo zaweza kukaa katika nyumba ya Kikristo. Yeye mwenyewe alikuwa amefundisha kati ya Waprotestanti wa Leiden, akarudi katika Ekleziya Katolika mwaka 1591. Buku lake la Seneca alimtolea Papa Paulo wa Tano. Filipo, kaka yake Rubens, alikuwa mwanafunzi wake mpendwa. Msidhani basi kwamba sanamu hii ni pambo la watu walioshiba. Ni watu wa vita waliotafuta namna ya kusimama.

Hapo tunaanza kumjibu mwanafunzi wa kwanza. Aliona mtakatifu kwa sababu mchoraji alitaka amwone. Macho yaliyoinuka, mwanga juu ya paji la uso, mwili mkondefu kama wa mfungaji: hizo ndizo alama ambazo Rubens na wenzake waliwapa wafiadini juu ya altare. Beseni nalo linafanana na chombo cha ubatizo, na hilo si la bure. Zamani Wakristo walimpenda Seneca. Tertuliano alisema kwamba mara nyingi ni mtu wetu. Mtakatifu Yeronimo, yapata mwaka 392, alimweka katika hesabu ya waandishi mashuhuri, kwa ajili ya barua zilizosemwa kuwa ameandikiana na Mtakatifu Paulo: nane za Seneca, sita za Paulo. Barua hizo si za kweli. Ziliandikwa na mtu mwingine miaka mia tatu hivi baadaye. Lakini katika karne ya 14, kule Italia, walikuwako hata waliofikiri kwamba maji yale ya mwisho yalikuwa ubatizo wa siri.

Kitu kimoja ni cha kweli, tena kimo katika Biblia zenu: ndugu yake Seneca ni Galio, gavana wa Akaya, yule ambaye Wayahudi wa Korinto walimpeleka Paulo mbele yake naye akakataa kuhukumu (Matendo 18). Makatekista, mkifika sura ile, mwaweza kuwaambia watu kwamba mtu huyo alikuwa na kaka aliyejulikana dunia nzima.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Rubens hakuubuni mwili huu. Alikaa Italia tangu mwaka 1600 hata 1608, na kule Roma aliona na kuchora sanamu ya jiwe iliyofukuliwa ardhini, mzee wa marumaru nyeusi. Wenye elimu wa Roma walisema: ni Seneca anayekufa. Sanamu ikaingia katika mali ya ukoo wa Borghese. Kwa kuwa miguu ya chini ilikuwa imevunjika, waliisimamisha ndani ya beseni la marumaru yenye mabaka ya zambarau, maji yaonekane kama yamechanganyika na damu. Hivyo mzee akapata jina na beseni, na Rubens akachora vyote pamoja. Mwaka 1807 Napoleon alinunua mali hiyo ya Borghese, na mzee yuko Paris, katika jumba la Louvre, mpaka leo.

Lakini si Seneca. Katika karne ya 18 Winckelmann, Mjerumani aliyejua sanamu za kale kupita watu wote wa siku zake, alitilia shaka jina lile. Baadaye wataalamu walilinganisha na nakala nyingine za mzee yule yule, mojawapo ikiwa Vatikano, wakaona ukweli. Ni mvuvi. Mvuvi mzee, maskini, amesimama majini. Wagiriki wa zamani walipenda kuchonga watu wa namna hiyo, wazee wa kazi, nao Waroma wakafanya nakala.

Nilikuwa nimekwisha kuyasoma hayo. Hata hivyo nilitaka kujaribu. Tunaye katekista mmoja hapa, mtu wa miaka sabini na kitu, ambaye kabla ya kupanda bondeni alivua ndagala kule Kalundu tangu ujana wake. Nilifunika jina kwa kipande cha karatasi, nikafunika na beseni, nikamwuliza: «Baba, huyu anafanya nini?» Hakutazama uso hata kidogo. Alitazama magoti. Akasema: «Padri, huyu yuko ndani ya maji. Anatafuta chini kwa miguu, kuna mawe. Na mgongo huu ni wa mtu wa lusenga. Mikono yake ilikuwa na kitu.» Nilipoondoa karatasi na kumwonyesha beseni alicheka sana: «Nani aliyemtia katika sufuria?»

Waseminari walicheka pia, lakini baadaye wakanyamaza. Maana wao na mimi tulikuwa tumesoma Kilatini kilichoandikwa chini, na tulimwona mfilozofu. Mzee wetu alisoma mwili, akamwona mvuvi, kwa dakika moja. Wenye elimu wa Roma iliwachukua karibu miaka mia mbili. Msifikiri walikuwa wajinga. Walikuwa na maandiko ya Tacitus mkononi, nayo yanasema mwili mzee, uliokonda, ndani ya maji. Jiwe lilikuwa na mwili mzee, uliokonda. Walijiambia kwamba yamepatana. Tena hawakuweza kuwaza kwamba mtu atumie marumaru ya bei kubwa kwa ajili ya mvua samaki asiye na jina. Uso wenye taabu na heshima namna hii lazima uwe wa mtu mkubwa! Hapo ndipo kosa lilipoingilia.

Mnajua Seneca mwenyewe alikuwa na sura gani? Mwaka 1813 ilifukuliwa Roma nguzo ndogo ya jiwe yenye vichwa viwili, kimoja cha Socrates na kimoja cha Seneca, na majina yameandikwa. Sasa iko Berlin. Seneca ni mtu wa mashavu, mwenye upara, kidevu kinene: mtu wa mali, na kweli alikuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa Roma. Barua yake ya 47 inatetea watumwa kwa maneno mazuri sana, nayo iliandikwa na mtu aliyekuwa nao wengi. Rubens alikuwa pia na kichwa cha marumaru alichokiamini kuwa cha Seneca, akakichora nyuma ya Lipsius na kaka yake katika sanamu iliyoko Florence. Hicho nacho si yeye. Wengi sasa wanasema ni mshairi fulani wa Wagiriki. Hivyo mkondefu yule aliyefundisha Ulaya nzima uvumilivu hakuwa Seneca kwa uso wala kwa mwili.

Tena kuna lile la karatasi nyeupe. Jiwe la Roma ni jeusi. Katika buku, mzee amekuwa mweupe, si kwa hila ya mtu, bali kwa sababu mchongaji anaacha karatasi ilivyo mahali pa mwanga. Mwanafunzi mmoja alifurahi mno kusikia kwamba sanamu ya Louvre iliitwa pia «mvuvi wa Afrika». Nilimzuia. Jina hilo lilitoka katika weusi wa jiwe tu, na jiwe jeusi si ushuhuda wa kabila la mtu. Wale waliomdai kuwa Seneca walikosa kwa kusoma jina pasipo kutazama. Sisi tusikose vilevile kwa upande wetu.

Inabaki mwanafunzi wa pili na kujiua. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kwanza cha Mji wa Mungu, anakataza kabisa mtu kujiua, hata kwa kuepuka aibu. Katika kitabu cha sita anamsifu Seneca kwa kuzicheka ibada za uongo, halafu anamlaumu kwamba alizifanya hata hivyo mbele ya watu. Mtaniambia: Seneca aliamriwa. Ni kweli, na ubaya wa kwanza ni wa Nero. Lakini mkono ni wa Seneca, na sumu ilikuwa imewekwa tayari tangu zamani. Yeye alifanya kifo kiwe kazi yake, somo lake la mwisho, na waandishi walikuwako kulipokea.

Tofauti tunayo karibu. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi, waliuawa Baraka na Fizi Padri Luigi Carrara, Padri Giovanni Didonè, Bruda Vittorio Faccin na Abbé Albert Joubert. Tarehe 18 Agosti 2024 walitangazwa Wenye Heri kule Uvira, na wengi wenu mlikuwako. Carrara alitolewa katika maungamo. Akapiga magoti karibu na maiti ya Faccin. Hakuchagua saa wala njia, hakuandikisha hotuba. Ukimchora Carrara kwa alama zile zile, macho juu na mwanga usoni, na Seneca vilevile, mtu asiyesoma atadhani ni kitu kimoja. Nimeona katika kapela moja sanamu ya mfilozofu wa kipagani imetundikwa kati ya watakatifu kwa sababu ya ndevu zake nzuri. Sikuitoa, lakini nilimwomba mwenye kapela aihamishie sebuleni.

Kwa mwanafunzi wa tatu sikuwa na jibu la kitabu. Nilimwambia kwamba ana haki: mtu hafi hivi, na Seneca mwenyewe hakufa hivi. Tacitus, aliyeandika yapata miaka hamsini baadaye, hakuficha sumu iliyokataa, wala damu isiyotoka, wala mke aliyetolewa chumbani. Mchoraji ndiye aliyeondoa. Nikampa Tacitus tena, asome kwa sauti toka mwanzo mpaka mwisho, pasipo sanamu. Alisoma polepole, akakosea maneno mawili ya Kilatini, na hakuna aliyemsahihisha.

Katekista wetu aliomba kopi. Nilidhani anaitaka kwa mafundisho, juu ya Petro na ndugu yake Andrea. Hapana. Alikata beseni kwa makasi, akabandika mzee peke yake juu ya mlango wa nyumba yake, na chini akaandika kwa kalamu jina la marehemu baba yake, aliyemfundisha kuvua.